Chikanda: Chakula cha Kilimani Kinachovuka Mpaka

Natumaini mmerudi salama kutoka shambani, jembe limeegemezwa ukutani, na sasa mna nafasi ya kutega sikio kidogo. Mimi ni Bwana Shamba wenu kutoka chuo cha kilimo. Leo sikuja na habari za mbolea wala za dawa ya kuua wadudu. Leo nataka tuzungumze juu ya chakula kimoja ambacho wengi wenu mnakifahamu kwa kukichimba, lakini ni wachache waliowahi kukila kikiwa kimepikwa na kuandaliwa. Chakula hicho ni chikanda.

Huenda msikilizaji wa Mwanza au wa Mtwara atauliza, chikanda ndiyo nini? Lakini mkulima wa Mbozi, wa Ileje, wa Makete au wa Sumbawanga hana haja ya kuelezwa. Ni viazi vidogo vya porini, vingine ukubwa wa kidole gumba, vingine kama yai dogo, ambavyo huchimbwa katika nyasi za milimani na katika mabonde yenye unyevu. Hujazwa katika magunia, hupelekwa Tunduma, huvuka mpaka, huingia Zambia. Huko ndiko vinakogeuka kuwa chakula. Leo nataka tufuatane na gunia moja katika safari hiyo, kuanzia Itaka hadi mezani, halafu turudi nyumbani tukae chini tupige hesabu.

SHAMBA LILILOSHINDWA NA MAGUGU

Msimu mmoja, katika mwezi wa pili, nilikwenda Itaka kukagua mashamba ya maharage. Wenyeji wa Itaka mnajua mwezi wa pili ulivyo. Mvua zinanyesha, magugu yanakua usiku na mchana, na debe la mahindi ndani ya nyumba linaanza kuonyesha kitako chake. Basi nikapita mashamba mawili matatu, yote mazuri. Nikafika shamba la mama mmoja ambaye mwaka uliotangulia nilikuwa nimemsifu mbele ya wenzake. Ndugu zangu, sikuliona haragwe. Niliona magugu tu, na maharage yamejificha chini yake kama kuku waliokimbia mvua.

Nikauliza, mwenyewe yuko wapi? Watoto wakanijibu kwamba mama amekwenda mlimani kuchimba chikanda, na leo ni siku ya tatu.

Jioni ile tulikuwa na mkutano. Nami, kwa hasira ya ujana na ya kazi, nikasimama nikasema kwamba wapo watu wanaofundishwa kilimo bora, lakini wanaacha shamba na kwenda kutembea milimani. Sikumtaja mtu jina. Lakini Itaka si Dar es Salaam. Kila mtu anajua shamba la kila mtu. Mama yule alikuwa amekwisha kurudi, amekaa upande wa nyuma. Akainuka taratibu, akajifunga khanga vizuri, akaondoka.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikaenda nyumbani kwake.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, Bwana Shamba. Umekuja kunisema tena, au jana ilitosha?"

Nikamwomba radhi. Nikamwambia kwamba nilikosea kusema hadharani jambo ambalo sikumwuliza mwenyewe kwanza. Alininyamazia kitambo, halafu akanivutia kigoda. Akaleta ndoo ndogo, akamimina chini viazi vya chikanda, bado vina udongo mweusi.

"Tazama mwanangu," akasema. "Haya maharage yako ni mazuri, lakini kila nikiyauliza habari ya pesa yananiambia ngoja. Ngoja uvune, ngoja ukaushe, ngoja bei ipande. Chikanda hakiniambii ngoja. Nachimba leo, mchuuzi anakuja kesho na pesa mkononi. Mwezi wa pili mtoto akidaiwa daftari shuleni, nimpe maua ya maharage?"

Ndugu msikilizaji, mimi nimesomea kilimo, lakini kwa swali hilo sikuwa na jibu. Nikamwuliza swali jingine. Nikasema, mama, ndoo hii umeichimba kwa siku ngapi? Akasema siku tatu. Na zamani? Akacheka kidogo, lakini haikuwa kicheko cha furaha. Akasema zamani alipokuwa mwari, ndoo kama ile ilijaa kabla jua halijawa utosini, tena katika kilima kile pale, ambacho unakiona kutoka mlangoni. Siku hizi kilima kile hakina kitu. Inabidi kulala njiani.

Basi ndipo nilipoamua kufuata mwenyewe njia ya chikanda, nijue kinakwenda wapi na kwa nini.

SAFARI YA TUNDUMA

Nilitoka Itaka nikaenda hadi barabara kuu, nikapanda basi dogo, nikapita Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe tangu mkoa huu ulipogawanywa kutoka Mbeya mwaka 2016, nikashukia Tunduma. Wale ambao hamjafika Tunduma, mtajua mmefika kwa foleni ya malori. Barabara hii ndiyo inayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo. Hapo hapo inapita reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, yenye urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Upande wa pili wa mpaka ni mji wa Nakonde.

Mpaka wenyewe walituchorea wakoloni, Wajerumani huku na Waingereza kule. Hawakuuliza nani ni ndugu wa nani. Wanyamwanga wako pande zote mbili mpaka leo. Mtu ana shangazi Tunduma na mjomba Nakonde. Kwa hiyo usishangae kwamba chakula nacho huvuka. Mahindi huvuka, mchele huvuka, dagaa huvuka, na chikanda huvuka.

Huko Nakonde nilimkuta mama mmoja ameketi mbele ya sinia. Juu ya sinia kuna kitu cha rangi ya kahawia, kimekatwa vipande kama mkate wa kumimina. Alizungumza Kiswahili safi, kama wengi wa pale. Nikamwuliza, mama, hiki ndicho chikanda? Akasema, "Ndicho chenyewe baba. Onja kwanza, maneno baadaye."

Nikaonja. Ni laini lakini kinashikana, huwezi kusema ni nyama, huwezi kusema ni mkate. Kina ladha ya karanga, kina pilipili, na nyuma yake kuna ladha ya udongo wa mvua. Vijana wa mjini huko kwa utani hukiita soseji ya Kiafrika. Kwa kweli nilikula vipande vitatu.

Mama yule alinieleza jinsi kinavyopikwa, nami nawaeleza ninyi. Viazi huoshwa, hukaushwa juani, halafu hutwangwa kuwa unga. Karanga nazo hutwangwa. Maji yakichemka, unatia karanga zilizotwangwa, chumvi na pilipili. Kisha unatia unga wa chikanda na magadi kidogo. Zamani walitumia maji ya majivu yaliyochujwa, siku hizi wengi hutia magadi ya dukani. Unasonga kama unavyosonga ugali, mpaka uji ule unakuwa mzito na kuachana na sufuria. Halafu unafunika, unaweka makaa chini na makaa juu ya kifuniko, kiive pande zote. Kikipoa, unakata.

Asili yake ni chakula cha Wabemba na jirani zao wa kaskazini ya Zambia. Kililiwa na watu wa vijijini, hasa siku ambazo hakuna kitoweo. Lakini watu wa kaskazini walikwenda kufanya kazi katika migodi ya shaba, Kitwe na Ndola, nao hawakuacha ulimi wao nyumbani. Wakakipeleka chikanda mjini. Leo kinauzwa masokoni na madukani hadi Lusaka, na huandaliwa hata katika sherehe. Chakula cha mwenye shida kimekuwa chakula cha mwenye hamu.

Nikamwuliza yule mama, mbona hamchimbi kwenu? Akajibu, "Tulichimba baba. Tukamaliza. Ndiyo maana tunawatazama ninyi."

Maneno hayo, ndugu mkulima, ndiyo yaliyonirudisha Itaka kwa haraka.

SI SISI PEKE YETU

Kabla ya kurudi Itaka, hebu tutazame mbali kidogo. Kila watu duniani wana chakula chao ambacho jirani anakishangaa. Wahaya wana senene. Sisi wengine tunangojea kumbikumbi mvua zikianza. Wazee wa Mbozi bila ugali wa ulezi hawajala. Tena sisi Mbozi tunalima kahawa nyingi, lakini nyumba ngapi zinakunywa kahawa hiyo? Inasafiri hadi Ulaya, na watu wa Finland, nchi ambayo haioti hata mti mmoja wa kahawa shambani, ni miongoni mwa wanywaji wakubwa kabisa wa kahawa duniani. Chakula husafiri kikamfuata anayekipenda. Kwa hiyo usimcheke Mbemba kwa chikanda chake.

Lakini sikiliza habari ya Uturuki. Huko nako kuna viazi vya porini vya ukoo huu huu wa chikanda. Waturuki huvichemsha, huvikausha, huvisaga, wakapata unga unaoitwa salepi. Unga huo hutiwa katika maziwa ya moto, wakanywa wakati wa baridi. Tena hutiwa katika aiskrimu ya mji wa Maraş, ambayo ni nzito na huvutika kama ulimbo. Ni chakula cha heshima chenye historia ndefu. Lakini ili kupata kilo moja ya unga huo, huhitajika viazi zaidi ya elfu moja. Milima ikaanza kuwa mitupu. Serikali ya Uturuki ikapiga marufuku kupeleka viazi hivyo nchi za nje.

Unaona, ndugu yangu? Bahari na milima mingi imetutenga na Waturuki, lakini kisa ni kile kile. Watu wanapenda, wachimbaji wanachimba, mlima unakwisha.

KWA NINI HAKIPANDWI KAMA KIAZI

Sasa najua mkulima hodari ameinua mkono. Anasema, Bwana Shamba, kama mlimani kinakwisha, si tupande shambani? Mbona viazi mviringo tunapanda?

Swali hilo ni zuri, na lazima tulijibu kwa kueleza mmea wenyewe. Chikanda si mmea mmoja. Ni aina nyingi za maua ya porini ya ukoo wa okidi. Mmeyaona: mengine meupe, mengine ya rangi ya waridi, mengine ya machungwa, yamesimama juu ya bua moja katikati ya nyasi. Vanila inayolimwa huko Kagera ni ndugu wa ukoo huo. Lakini vanila hukatwa kipande cha shina kikapandwa, kikaota. Chikanda hakikubali hivyo.

Chini ya ardhi, mmea wa chikanda kwa kawaida una viazi viwili. Kimoja ni cha zamani, kinachoulisha mmea mwaka huu, nacho kinasinyaa. Cha pili ni kipya, kigumu, ambacho ndiyo akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji anatafuta kile kigumu. Maana yake nini? Maana yake anachukua ghala ya mwakani. Ni kama mtu aliyeingia nyumbani kwako, akaacha makapi, akabeba mbegu.

Na mbegu je? Mbegu za okidi ni ndogo kama vumbi. Tunda moja lina maelfu. Lakini mbegu hiyo haina chakula ndani yake kama ilivyo mbegu ya haragwe au ya mahindi. Ikianguka, inangoja kukutana na kuvu wa aina fulani aliye katika udongo, ili amsaidie kupata chakula. Asipokuwepo, mbegu inakufa. Akiwepo, inaota polepole, na hupita miaka kabla ya kupata kiazi cha kuchimbwa. Watafiti wa Zambia pamoja na wale wa bustani ya mimea ya Kew huko Uingereza wamekuwa wakijaribu kuiotesha kwa kutumia kuvu hao. Hiyo ni kazi ya maabara, si ya jembe. Leo hii sina mbegu ya chikanda ya kukupa, na mtu akikuletea mbegu hiyo kukuuzia, mwulize maswali mengi kabla ya kufungua mfuko wako.

Jambo jingine. Mchimbaji huutambua mmea kwa majani na maua yake. Kwa hiyo mara nyingi huchimba mmea ukiwa na maua, kabla haujamwaga mbegu. Kiazi kimekwenda, na mbegu haikuzaliwa. Hasara mara mbili.

Watafiti walioandika mwaka 2003 kuhusu biashara hii katika Nyanda za Juu Kusini walikadiria kwamba viazi vinavyovuka kwenda Zambia kwa mwaka ni zaidi ya milioni 2, na huenda vinafika milioni 4. Hebu fikiria vishimo milioni 4. Hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ufanywe Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Kuchimba ndani ya hifadhi ni kosa. Tena okidi zote zimo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, uliotiwa sahihi mwaka 1973, na kuzivusha mpaka bila kibali ni kuvunja sheria. Mchuuzi akikamatwa na gunia, hatamtaja aliyemwuzia kwa wema.

TUPIGE HESABU

Basi nikarudi Itaka. Safari hii sikwenda mkutanoni, nilikwenda moja kwa moja kwa yule mama. Tukakaa chini ya mgomba, tukachukua punje za mahindi tukahesabu. Kila siku aliyokwenda mlimani, punje moja. Zikafika punje kumi na mbili. Halafu tukatazama shamba. Mwaka uliotangulia alivuna magunia matatu ya maharage. Mwaka ule, kwa sababu ya magugu, alipata gunia moja tu. Magunia mawili yalikwenda na zile punje kumi na mbili. Na pesa ya chikanda ilikuwa imenunua nini? Madaftari, sare moja ya shule, mafuta ya taa, chumvi na sabuni. Haikufika nusu ya thamani ya yale magunia mawili.

Mama akazitazama zile punje kwa muda mrefu. Akasema, "Hesabu yako ni kweli mwanangu. Lakini magunia mawili yangekuja mwezi wa tano. Daftari lilidaiwa mwezi wa pili. Wewe ungenikopesha?"

Hapo ndipo nilipoelewa, ndugu zangu, na hapa nataka mnisikilize vizuri. Mkulima hachimbi chikanda kwa sababu hajui kilimo. Anachimba kwa sababu miezi ya pili na ya tatu haina pesa. Kwa hiyo ushauri wangu wa kumwambia "acha" haukuwa ushauri. Ushauri unaofaa ni ule unaoleta pesa katika mwezi wa pili.

Nikamkumbuka yule mama wa Nakonde na sinia lake. Ndani ya chikanda mna nini? Mna viazi vya porini, ndiyo. Lakini mna karanga pia, tena si kidogo. Anayepika chikanda hawezi kupika bila karanga. Na karanga, tofauti na chikanda, tunajua kuilima. Tena karanga iliyokaushwa vizuri ikiwa katika ganda lake hukaa ghalani miezi mingi bila kuharibika. Unavuna mwezi wa nne au wa tano, wakati kila mtu anauza na bei iko chini. Wewe unatenga magunia yako mawili, unayaacha. Mwezi wa pili unabangua kidogo kidogo, unapeleka sokoni. Chakula kile kile cha mpakani kinakulipa, na mlima umeuacha ulipo.

NAMNA YA KUFANYA

Sasa chukueni kalamu, au mwambie mtoto anayesoma aandike.

Kwanza, chagua mbegu. Karanga aina ya Pendo, iliyotolewa na watafiti wa Naliendele mkoani Mtwara mwaka 1998, hukomaa mapema, kiasi cha siku 90 hadi 100. Ninyi mlioko juu sana kwenye baridi kali, karanga haitawapenda, bakini na maharage. Banga mbegu karibu na siku ya kupanda, na usichubue ngozi yake.

Pili, panda mapema mvua zikitulia, mstari hadi mstari uwe sentimita 50, na mbegu hadi mbegu sentimita 10. Panda mbegu moja kila shimo. Usiache mapengo. Wadudu mafuta wanaoleta ugonjwa wa kudumaa hupenda shamba lililochelewa na lenye nafasi wazi.

Tatu, palilia mapema. Karanga ikianza kuchoma vijiti vyake ardhini, usiguse tena na jembe. Magugu yaliyobaki yang'oe kwa mkono. Na maharage vile vile: palizi ya kwanza wiki mbili au tatu baada ya kuota, ya pili kabla ya kutoa maua. Usiingie shambani majani yakiwa na umande, utaeneza ugonjwa kwa nguo zako.

Nne, usivune kwa kubahatisha. Ng'oa mashina machache, pasua ganda. Ukiona ndani yake pameanza kuwa na rangi ya kahawia au nyeusi, zimekomaa.

Tano, na hili ndilo kubwa: kausha. Geuza mashina, karanga zitazame juu, siku mbili tatu. Halafu zianike juu ya mkeka au turubai, si juu ya udongo mtupu, mpaka ukitikisa ganda usikie punje inagonga. Usiloweke karanga ndani ya maji ili zibanguke kwa urahisi. Wengi wanafanya hivyo, na ndivyo wanavyokaribisha sumukuvu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu walipoteza maisha kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Karanga nazo hupatwa vivyo hivyo. Yoyote yenye ukungu au iliyosinyaa, tupa. Usimpe kuku, usimtwangie mtoto.

Sita, wale mlio katika vikundi vya kuweka na kukopa, kaeni mkubaliane kwamba mkopo wa mwezi wa pili uwe wa daftari na wa chumvi, usiwe wa sherehe. Mkopo mdogo siku ya shida huokoa shamba zima.

Na wale watakaosema chikanda ni chakula chetu pia, hatuwezi kukiacha kabisa, nawaambia hivi. Kwanza waulizeni maofisa wa misitu na serikali ya kijiji sehemu zipi zimekatazwa. Usiguse mmea wenye maua wala wenye tunda bichi. Fukia shimo ulilochimba. Na kilima kilichochimbwa mwaka huu kiacheni kipumzike miaka kadhaa. Kilima nacho ni kama ng'ombe: ukikamua mpaka damu, kesho huna maziwa.

MWISHO

Mtataka kujua habari za yule mama wa Itaka. Msimu uliofuata alipanda kipande cha karanga, si kikubwa, kama robo ya eka. Shamba lake la maharage lilipaliliwa mara mbili, nililiona kwa macho yangu. Nikamwuliza, na mlimani je, umeacha? Akacheka, safari hii kicheko cha kweli.

"Nimekwenda siku mbili tu, Bwana Shamba. Usinitangaze."

Nikamwahidi kwamba sitamtaja jina, na sikumtaja. Alipobangua karanga zake mwezi wa pili, alinipa kopo moja nipeleke nyumbani. Akaniambia kwamba kile kilima kinachoonekana kutoka mlangoni kwake, mwaka ule aliona maua mawili meupe. Mawili tu. Akawakataza wanawe wasiyang'oe.

Ndugu mkulima, maua mawili si mengi. Lakini yale hayakuwapo mwaka uliopita. Basi nenda kalipitie shamba lako kabla magugu hayajakutangulia, na kama una swali, mwulize Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata yako. Ndiyo kazi yetu, na sisi nasi tunajifunza kwenu.

Kwaherini, na kazi njema.